Sura ya 7: Akili 6, Hekima 16

Kwenye karatasi ya mhusika namba hizi mbili hukaa jirani, moja chini ya nyingine, na mchezaji mgeni akiziona hushtuka. Akili 6. Hekima 16. Sasa huyu ni mtu wa namna gani? Wapo wanaomwomba msimulizi ruhusa ya kurusha dadu upya. Wapo wanaocheka, wakamfanya mhusika wao mbumbumbu wa kuchekesha meza, na ile 16 ikabaki pambo. Hawa wa pili ndio walionisukuma kuandika sura hii, kwa sababu wameshika mkononi mhusika mtamu kuliko wote ambao Dungeons & Dragons inaweza kumpa mtu, wakamtupa nusu.

Kwa aliyefungua kitabu hapa katikati: mchezo huu huchezwa mezani, kwa maneno. Mmoja ni msimulizi, anayeeleza dunia ilivyo na kusema kwa niaba ya kila mtu asiye na mchezaji. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, na kila mhusika hupimwa kwa vipimo sita: Nguvu, Wepesi, Uimara, Akili, Hekima na Mvuto. Kwa desturi ya zamani unarusha dadu tatu za kawaida kwa kila kipimo na kujumlisha, kwa hiyo wa chini kabisa ana 3 na wa juu kabisa ana 18. Jambo likiwa na mashaka, unarusha dadu ya pande 20, unaongeza au kukata kutokana na kipimo kinachohusika, na jumla ndiyo inayoamua.

Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu mwaka 1974, vijitabu vitatu ndani ya boksi kwa dola 10, nakala 1,000 tu kwa kuanzia, wahusika walikuwa wa aina tatu. Mpiganaji alitegemea Nguvu, mchawi alitegemea Akili, na kasisi alitegemea Hekima. Kasisi mwenyewe alizaliwa kwenye meza ya Arneson huko Minnesota, ambako mchezaji mmoja alikuwa akicheza vampaya aliyewashinda wenzake wote, ikabidi apatikane mtu wa kumkabili. Ninavyoona mimi, hakuna mwanafalsafa aliyekaa chini kutenganisha akili na hekima. Kasisi alihitaji namba ya kwake, akapewa. Na kwa miaka mingi Hekima ilikuwa kipimo kinachoelea hewani, kila meza ikikitafsiri inavyopenda.

Kilichokipa miguu ni toleo la tatu, mwaka 2000. Humo kuona kilichojificha, kusikia nyayo gizani na kung'amua kwamba mtu anakudanganya vyote viliwekwa chini ya Hekima. Toleo la tano la mwaka 2014 likaendeleza: Hekima inasimamia utambuzi, kuwasoma watu, kutuliza wanyama, tiba na maisha ya porini. Akili inasimamia historia, elimu ya uchawi, mambo ya dini, elimu ya viumbe, na upelelezi wa kuunganisha vidokezo. Macho na masikio ya mhusika wako yako chini ya Hekima. Maktaba yake iko chini ya Akili. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Nusu iliyobaki ni kujua 6 ni ndogo kiasi gani, na hapa wachezaji wengi hupotea. Dadu tatu zina njia 216 za kuanguka, na katika hizo ni 20 tu zinazotoa 6 au chini ya hapo. Yaani kama mtu mmoja katika kila 11. Katika kijiji chochote utakutana naye kabla hujafika kisimani. Ile Hekima 16 ndiyo adimu: njia zinazotoa 16 au zaidi ni 10 tu kati ya 216, mtu mmoja katika 22. Sasa chukua jambo lenye ugumu wa 15. Mtu wa kawaida, mwenye 10, hana nyongeza wala makato, kwa hiyo ana nafasi 30 katika 100 za kulipata. Mwenye Akili 6 anakatwa 2, anabaki na nafasi 20. Tofauti ni mara kumi katika kila mia. Mwenye Hekima 16 anaongezewa 3, anapanda hadi 45.

Tazama pia wanyama na mazimwi wa toleo la tano. Mbwamwitu ana Akili 3 na Hekima 12, na hakuna anayemcheka mbwamwitu. Zimwi lina Akili 5, tena Hekima 7, na bado linazungumza lugha mbili. Mhusika wetu analizidi zimwi kwa akili na anamzidi mbwamwitu kwa hekima. Kwa nini basi azungumze kama mtoto wa miaka miwili?

Kuhusu mazungumzo nina neno kwa wanaocheza kwa Kiswahili. Filamu na vitabu vya Kiingereza vimetuzoesha jitu lenye nguvu na akili kidogo linalovunja sarufi, na wachezaji wetu hulileta mezani lilivyo: "Mimi kwenda, mimi piga." Kwa masikio ya Mswahili huyo ni mgeni tu, mtu aliyeshuka melini jana. Mswahili asiyekanyaga darasa hachanganyi ngeli, na huenda Kiswahili chake kikawa safi kuliko cha mwenye shahada. Acha sarufi. Punguza urefu wa mawazo. Mhusika mwenye Akili 6 haungi sababu tatu katika sentensi moja. Hazungumzii "usalama", anazungumzia mlango uliofungwa na komeo. Akiambiwa mambo manne, analishika la kwanza na la mwisho. Na neno "sijui" linamtoka bila aibu yoyote, jambo ambalo wasomi wa kundi lake hawaliwezi.

Tumtengeneze mmoja tumtazame kwa karibu. Tumwite Haro. Kundi la watu wanne limefika usiku kwa mfanyabiashara tajiri, akalipokea kwa bashasha, akaandaa nyama na mvinyo, na sasa anamsifia mchawi msomi, binti wa miaka 20 hivi, kwa vitabu alivyobeba. Binti amelewa sifa. Msimulizi anamwambia mchezaji wa Haro arushe dadu ya kumsoma mwenyeji, na jumla inakuja 18, kubwa. Msimulizi anasema: "Unaona ana hamu ya kuwaona mkila, na yeye mwenyewe hajagusa kitu."

Mchezaji asiye makini atasema: "Chakula kimetiwa sumu. Bila shaka anataka ile ramani, na nadhani ametumwa na yule gavana tuliyemkimbia." Huenda yote ni kweli, lakini hayo ni maneno ya mtu mwenye Akili 16, Haro ameazimwa kichwa cha mwenye karatasi. Mchezaji mwingine ataona achekeshe watu: "Haro njaa! Haro kula!" Akala. Dadu nzuri imekwenda bure, na ile Hekima imeuawa mbele ya mashahidi.

Haro niliyemkusudia anasukuma sahani yake mbele ya mwenyeji.

"Mzee, karibu tule."

"Nimeshashiba, mwanangu. Kuleni tu."

"Basi tutakusubiri upate njaa."

Basi, ameishia hapo. Hajui ni sumu gani, hajui nani kamtuma mwenyeji, na ramani ameshaisahau. Anajua kwamba mwenye nyumba hula na wageni wake. Kutoka hapo binti msomi anashtuka, anaacha sifa zake, anaunganisha ramani na gavana, na kundi zima linaingia kazini. Haro amefungua mlango akawaachia wenzake wapite, na hiyo ndiyo kazi yake mezani.

Siri ya tukio hilo iko kwa msimulizi pia, na sijaona vitabu vya mchezo vikilisema jambo hili vya kutosha. Msimulizi akitoa jibu moja kwa kila anayefaulu kurusha dadu, wahusika wote watafanana. Anatakiwa ampe kila mmoja kipande cha ukweli kinachomfaa. Kwa binti msomi: "Harufu hii uliisoma kwenye kitabu cha sumu, ni ya mzizi fulani wa milimani." Kwa Haro: "Nzi wamejaa mezani, lakini kwenye nyama hajatua hata mmoja." Mmoja kapewa jina la kitu, mwingine kapewa kitu chenyewe. Msimulizi akizoea hivyo, mchezaji wa Haro hatalazimika kujifanya hajui, kwa kuwa kweli hajaambiwa.

Hapo tunafika kwenye malalamiko ninayoyasikia kuliko yote: mchezaji mwenyewe ni mwepesi wa mafumbo. Mlango una herufi 12 za kubonyeza, kitendawili kimechongwa juu yake, na yeye amelijua jibu kabla msimulizi hajamaliza kusoma. Afanye nini? Wakali wa kanuni watamwambia anyamaze, akae saa nzima akiangalia wenzake wanavyohangaika. Mimi sikubaliani nao. Mtu amekuja kucheza, hakuja kufunga mdomo. Anaweza kusema waziwazi kwamba sasa anazungumza kama mchezaji na kumnong'oneza jirani yake anayemcheza mchawi, sifa zikaenda kwa mchawi. Lakini kuna njia nzuri zaidi, nayo ni kumwuliza msimulizi swali la macho: "Herufi hizi zote zina vumbi sawasawa?" Haro hajui kusoma, tuseme, ila anaona kwamba nne kati yake zimelainika kwa kuguswa. Herufi hizo nne ni neno gani, na zibonyezwe kwa mpangilio upi, ni kazi ya wengine. (Kutojua kusoma, kwa njia, ni uamuzi wako, haitokani na ile 6. Katika toleo la tatu aliyeanza bila kusoma ni yule mpiganaji wa makabila ya nyikani, hata akiwa na Akili 18.)

Mtego mwingine unawanasa hasa wachezaji wa kwetu, nao ni methali. Mchezaji akisikia "Hekima 16" anageuza mhusika wake kuwa kanga inayotembea. Kila hatua methali: mkifika mtoni, haraka haraka haina baraka, mkishambuliwa, umoja ni nguvu, mkigawana dhahabu, haba na haba hujaza kibaba. Baada ya saa moja meza nzima inatamani auawe na joka. Methali ni hekima ya waliotangulia, imeshaiva, yeyote anaweza kuibeba hata akiwa na Hekima 4. Haro akiona maji yamebadilika rangi, aseme maji yamebadilika rangi.

Anayetaka kuona hatari ya maneno yanayosikika mazito amtazame Chance, mtunza bustani wa riwaya ya Jerzy Kosinski, Being There, iliyotoka mwaka 1970 na kufanywa filamu mwaka 1979, Peter Sellers akiwa nyota wake. Chance hajui kitu nje ya bustani na televisheni. Anataja misimu na mizizi, na matajiri wa Marekani pamoja na rais wao wanamsikia kama bingwa wa uchumi. Ni hadithi ya kuchekesha na ya kutisha kidogo, ila Hekima iliyomo ni ya wasikilizaji, wanaijaza wao wenyewe. Ukimcheza hivyo utakuwa umemcheza mtu mwenye Akili 6 na bahati 16, na bahati haimo katika vipimo sita.

Kinyume chake ni Sam Gamgee wa The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien. Yeye naye ni mtunza bustani. Mjinga si mjinga: mzee Bilbo alimfundisha herufi, na ana mashairi kichwani. Lakini katika msafara wenye mchawi na watu wa koo za kifalme, yeye ndiye asiye na elimu ya kutajika. Akiwa peke yake na ile Pete ya uchawi wanayopaswa kuiangamiza, mpakani mwa Mordor, nchi ya adui, kishawishi kinamjia kwa sura anayoipenda: anajiona shujaa mkuu wa enzi yake, akiigeuza nchi yote ya majivu kuwa bustani yenye maua na matunda. Wenye akili kubwa walikwisha kuonyesha udhaifu wao mbele ya Pete hiyo. Saruman, mchawi aliyesoma kila kitu, alipotea kwa kuitamani bila hata kuigusa. Sam anaponea wapi? Kwanza ni mapenzi yake kwa Frodo, bwana wake. Pili ni kujua kipimo chake: bustani moja ya mtu mmoja inamtosha, na hiyo kubwa si yake. Hakushinda hoja ya Pete. Hakuijibu kabisa. Aliona tu kwamba vazi lile halimwenei.

Hivyo ndivyo mwenye Akili ndogo na Hekima kubwa anavyokataa jambo mezani. Mjumbe wa mfalme akimwaga hoja kumi za kwa nini kundi liuze rafiki yao, Haro hana hata moja ya kurudisha. Anaweza kusema, "Maneno yako mazuri, bwana. Siwezi kuyajibu. Ila simtoi." Mchezaji asione aibu kushindwa mjadala. Mabishano ni uwanja wa binti msomi.

Na huyohuyo Sam anatufundisha kwamba Hekima hukosea. Kwenye ngazi za Cirith Ungol, Gollum, kiumbe anayewaongoza njia huku akiitamani Pete, anamkuta Frodo amelala, anamgusa goti kwa mkono wa unyonge, na kwa kitambo kidogo anakaribia kutubu. Sam anazinduka, anamwona adui yule yule anayemshuku siku zote, anamkaripia. Nafasi inapita, na Gollum anawapeleka kwenye pango la buibui. Sam alikuwa amemsoma Gollum sawasawa kwa safari nzima, akakosea dakika moja iliyokuwa na maana kuliko zote. Kwa hiyo dadu ikianguka 2, usiseme "Haro haoni kitu" ukapita. Sema Haro ameona, na amemwona mtu wa jana.

Kanuni nazo zinampa mabonde na vilima vyake. Katika toleo la tano, uchawi wa kumlaghai mtu akupende, au wa kumtia hofu akimbie, mara nyingi hupingwa kwa Hekima. Msomi mwenye Akili 18 na Hekima 8 huanguka kama embe bivu, na Haro amesimama pembeni akishangaa rafiki yake anamkumbatia nani. Lakini lile jini la minyiri linalokula ubongo, likivuma na pigo lake la akili, pigo hilo hupingwa kwa Akili, ugumu 15. Haro anahitaji dadu ianguke 17 au zaidi. Huyo ndiye wa kumwogopa, na wenzake wajipange kumkinga.

Limebaki jambo ambalo si la kanuni. Mezani huenda ameketi mtu mwenye mdogo wake anayeishi na ulemavu wa akili, na hajawahi kukuambia. Mzaha unaozunguka udenda, kigugumizi na kujikwaa unamfikia yeye, haumfikii zimwi. Kabla ya kikao cha kwanza waeleze wenzako unamcheza mtu wa aina gani, uone nyuso zao. Kicheko hakikatazwi, Haro anachekesha, tena sana, hasa pale anapouliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo akaona haya kuliuliza. Kipimo changu ni chepesi: baada ya kicheko, je, kundi linamsikiliza zaidi au linamsikiliza kidogo? Kama linamsikiliza kidogo, unamcheza vibaya.

Sasa habari ya kupata hizo namba. Ukitumia utaratibu wa toleo la tano wa kununua vipimo kwa pointi 27, huwezi kushuka chini ya 8, na hapo mhusika anakatwa 1 tu. Ni pungufu ndogo mno, utaisahau kabla ya chakula cha jioni. Haro wa kweli huja kwa dadu. Kwa hiyo, siku dadu zikikuangukia 6, usimwombe msimulizi urushe upya, wala usiifiche kwenye Mvuto kama wafanyavyo wengi. Iandike kwenye Akili, tafuta namba yako kubwa kuliko zote uiandike kwenye Hekima, kisha mwambie anayecheza mchawi kwamba kuanzia leo chakula anaonja wa pili.